Meno ya Mto Malagarasi

Sokoni Tabora, mtu wa pwani hana pa kujificha. Akifungua mdomo tu kuuliza bei ya karanga, lafudhi inamtangaza na utani unaanza. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza asali alinipima kwa macho, akamgeukia jirani yake na kusema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye magunia ya mchele: "Huyu kwao wanaoga na papa." Jirani akadakia: "Wanaoga naye asubuhi, jioni wanamla kwa nazi."

Hapakuwa na la kukanusha. Pwani, papa ni kitoweo kabla ya kuwa tishio. Anakaushwa kwa chumvi, anachambuliwa, anaungwa kwa tui na ndimu, na mtoto humjua kwa ladha miaka mingi kabla hajamwona akiwa hai. Kisiwani Mafia, kati ya Oktoba na Machi, wageni hulipa fedha wapelekwe kwa boti nje ya Kilindoni, wavae miwani ya majini na bomba la kupumulia, waogelee ubavuni mwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni viumbe wadogo wanaoelea majini. Mzee alisikiliza habari ya potwe bila kupepesa macho. "Sawa, mtani. Na yule anayeuma je?"

Yule anayeuma yupo, ingawa sifa zake ni kubwa kuliko vitendo vyake. Chuo Kikuu cha Florida, kinachotunza kumbukumbu za mashambulizi ya papa duniani kote, kilihesabu matukio 47 katika mwaka 2024 ambapo papa alimuuma mtu bila kuchokozwa. Watu 4 walikufa. Tukio linalokumbukwa zaidi katika bahari yetu lilitokea Ushelisheli Agosti 2011, katika ufuko wa Anse Lazio kisiwani Praslin. Wageni wawili waliuawa ndani ya muda wa wiki mbili hivi. Wa kwanza alikuwa Mfaransa. Wa pili alikuwa Mwingereza kijana aliyekuwa kwenye fungate, akiangalia samaki kwa miwani na bomba, huku mkewe akiwa ufukweni. Watu waliokuwa karibu walimvuta wakamtoa majini, lakini damu iliyokwisha kumtoka ilikuwa nyingi mno. Serikali ilipiga marufuku kuogelea katika fukwe za eneo lile, ikaita wataalamu wa papa kutoka Afrika Kusini, na baadaye nyavu za kinga zikatandazwa. Habari ilizunguka dunia kwa siku moja.

"Wetu ana miguu minne," mzee alisema, akifunga mfuniko wa chupa, "na hakuna aliyewahi kumwekea wavu. Ukifika Malagarasi waulize wenyeji."

Nilikuwa nimekuja kufuata njia ya zamani ya misafara kwa ajili ya miembe na matembe. Kuanzia asubuhi ile, kila nilipotaja mto au ziwa, mazungumzo yaligeukia meno, na baada ya meno, swali lile lile: nani alikuja kuokoa, na majeruhi alibebwa kwa kitu gani?

Tabora ni mji uliozoea kubeba. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, pembe za ndovu, nguo, shanga na chumvi zilipita hapa mabegani mwa watu, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Safari kati ya Bagamoyo na Ujiji ilizidi kilomita 1,000, na ilikatwa kwa miezi. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikaingia Kigoma mwaka 1914, na bega likapumzika. Miembe mikubwa iliyosalia bado inaonyesha wapi watu walitua mizigo, na chini yake leo hutuliwa pikipiki. Dereva wa bodaboda hungoja abiria pale huku akitafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi. Pembeni mama huuza michembe, iliyo ndugu wa matobolwa ila huanikwa mibichi. Msafiri wa pwani aliyezoea mihogo ya kuchoma na pweza huhitaji siku kadhaa kuuzoesha utaya wake, lakini akishazoea anaelewa kwa nini chakula hiki kilifaa safari ya miguu: ni chepesi, hakiozi, na kinahitaji maji tu.

Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe lenye kuta nene na mlango uliochongwa kwa mtindo wa Zanzibar. Hapa ndipo David Livingstone alipokaa mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Stanley, kisha peke yake kuanzia Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Wageni huja kwa ajili ya hadithi ya wazungu hao wawili. Nami nilikuja na swali la mzee wa asali kichwani, kwa hiyo nilijikuta nikiufikiria mkono wa kushoto wa Livingstone.

Mkono huo ulivunjwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, alipokuwa mmisionari kijana. Wanakijiji walikuwa wametoka kuwasaka simba waliokuwa wakila mifugo. Livingstone alipiga risasi, na alipokuwa akishindilia baruti upya, simba alimrukia, akamng'ata juu ya kiwiko na kumtikisa. Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa karibu, alielekeza bunduki yake. Mitutu yote miwili ikagoma kulia. Simba akamwacha Livingstone, akamvamia Mebalwe pajani. Mtu wa tatu akaja na mkuki, naye akaumwa begani. Ndipo mnyama akaanguka, risasi za mwanzo zikiwa zimemmaliza. Watu wawili waliumwa ili mmoja apone. Daktari wa karibu alikuwa majeruhi mwenyewe, na mfupa ukaunga vibaya, ukabaki na kiungo kisichokuwapo awali.

Miaka karibu 30 baadaye, Mei 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Oktoba walifika hapa Kwihara na kumkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mwili ulipofika London, daktari mpasuaji Sir William Fergusson aliutambua kwa mfupa ule wa mkono ulioungana vibaya, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey.

Si kila aliyeumia kwenye njia hii alibebwa. Richard Burton, alipougua katika safari yake ya 1857 na 1858, alilazwa kwenye machela na kusukumwa mbele kwa mabega ya watu. Mpagazi aliyeugua ndui au kuhara damu mara nyingi aliachwa kando ya njia, mzigo wake ukagawiwa wenzake. Nani anabebwa na nani anaachwa, hilo liliamuliwa na mwenye msafara.

Magharibi ya Tabora barabara inaingia Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, aliyeitikisa biashara ya misafara hadi alipofariki mwaka 1884. Mashamba ya tumbaku yanafuatana, kila moja na bani lake la kukaushia, na kati yake misitu ya miombo inayozidi kusogea nyuma. Kusini, upande wa Mto Ugalla, msitu bado unatawala. Mwaka 2019 sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Wakazi wa huku wana kazi mbili ambazo mgeni huzidhania moja, kwa sababu hufanywa na watu wale wale: asali na samaki. Mizinga hutundikwa mitini, migono hutegwa mtoni, na wakati wa kiangazi, mto unapokatika na kubaki madimbwi, samaki, viboko, mamba na watu wote hukusanyika kwenye maji yale yale machache.

Katika mgahawa mmoja Kaliua, mrina asali wa makamo alikunja suruali bila kuombwa mara mbili. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na makovu mawili yaliyotazamana. Alikuwa anainua mgono, alisema, maji yakiwa magotini. Hakumwona. Alihisi kama ameshikwa na mtego wa chuma, kisha akavutwa. Mwenzake alimdaka makwapani na kung'ang'ania huku akipiga yowe. Wa tatu akaja na shoka la kuchongea mizinga, akampiga mamba karibu na jicho. Mamba akaachia.

"Ulikuwa mbali na barabara?" niliuliza.

"Mbali gani, kaka. Siku ya mguu."

Kilichofuata ndicho alichosimulia kwa fahari zaidi ya shambulio lenyewe. Wenzake walikuwa porini kuchonga mizinga ya magome, na gome la mti wa miombo, likibanduliwa kwa ustadi, hutoka zima kama bomba lililopasuliwa upande mmoja. Wakambandulia gome, wakamlaza ndani yake, wakapitisha mti, wakambeba wawili wawili kwa zamu. Mguu walikuwa wameukaza kwa kitenge. Njiani walikutana na baiskeli, baada ya baiskeli pikipiki, na baada ya pikipiki gari la mnunuzi wa asali. Alishonwa, akachomwa sindano nyingi, akakaa wodini hadi kidonda kilipoacha kutoa usaha. "Lile gome," aliongeza, "walirudi nalo wakatengenezea mzinga. Lina nyuki mpaka leo."

Muuguzi wa zahanati moja ya huko aliisikia hadithi hiyo nilipomsimulia na akacheka, kisha akaichambua kama mkaguzi. Walichofanya vizuri: walimtoa majini haraka, walikandamiza kidonda kwa kitambaa kwa nguvu na bila kufungua-fungua, hawakungoja usafiri bora. Jambo ambalo yeye huliona mara kwa mara ni tofauti na hilo. Watu hufunga kamba nyembamba juu ya jeraha na kuisahau saa nyingi, hadi nyama ya chini inakufa. Wengine hupaka udongo, majivu au dawa ya majani. Kinywa cha mamba kimejaa vijidudu, na meno yake huviingiza ndani kabisa, chini ya ngozi inayoonekana nzima. Kwa hiyo jeraha dogo kwa macho laweza kuwa kubwa ifikapo siku ya tatu. Maji safi mengi na sabuni, antibiotiki, na chanjo ya pepopunda ndivyo vinavyookoa kiungo baada ya mkono wa rafiki kuokoa uhai.

Halafu akataja jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko mamba: nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakulima na wafugaji wa nchi kama yetu. Hao hawakutani na mwandishi wa habari hata mmoja.

Ukutani kwake kulikuwa na bango la m-mama lenye namba 115. Mpango huu ulianzia Kanda ya Ziwa, wilayani Sengerema, ukaenda Shinyanga, kisha ukasambazwa nchi nzima baada ya makubaliano ya mwaka 2022. Mjamzito anayepata uchungu wenye matatizo, au mtoto mchanga anayedhoofika, huombewa msaada kwa simu isiyo na malipo. Mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na kama liko mbali humwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye gari lake binafsi, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Mpango ni kwa ajili ya uzazi, na aliyeumwa na mamba hayumo. Lakini wanakijiji wameshajua dereva ni nani, anaishi wapi na simu yake hushikwa saa ngapi. Ujuzi huo haubagui mgonjwa.

Kabla ya zahanati na namba za simu, upande huu ulikuwa na Adrien Atiman. Mapadri wa Tabora bado humtaja kama mtu waliyemwona jana. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana zaidi kama White Fathers, ambao walimpeleka Malta kusomea udaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alikuja kwa njia ya misafara hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akabaki huko akitibu kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padri. Mtoto aliyewahi kuvukishwa jangwa kama bidhaa alitumia njia iliyovusha bidhaa za aina hiyo hiyo ili kwenda kufunga vidonda vya watu asiowajua.

Mto wenyewe huanza kunusika kabla ya kuonekana: tope, mafunjo, samaki. Bonde la Malagarasi na Muyovozi ni mojawapo ya ardhi oevu kubwa za Afrika. Mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, likiwa na zaidi ya hekta milioni 3. Leo gari linapita juu ya Daraja la Kikwete kwa muda wa kumalizia sentensi. Zamani hapa palikuwa mahali pa kungojea, kubishana na kulipa. Stanley, akielekea Ujiji Novemba 1871 kwa hesabu ya kalenda yake, alilazimika kutoa hongo kwa nguo na shanga ndipo mitumbwi ikaanza kuwavusha watu wake. Jua lilipokaribia kuzama walibaki punda. Mmoja aliyeitwa Simba alitiwa majini akiwa amefungwa kamba shingoni, mtumbwi ukimwongoza. Katikati ya mto mamba alimkamata kooni. Mpagazi aliyeshika kamba alivuta kwa nguvu zake zote; punda akazama, hakuonekana tena.

Nilipowasimulia hayo vijana wa mitumbwi chini ya daraja, hawakushangaa hata kidogo. Mmoja alitaka kujua tu kama kamba ilikatwa mapema. "Usipoikata," alisema, "na mtumbwi unakwenda."

Maji haya yanaingia Ziwa Tanganyika, na ziwa likijaa hutoa maji kwa mlango mmoja tu, Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Huko Lukuga, Desemba 2010, Hendri Coetzee, mpiga kasia mashuhuri wa Afrika Kusini, alikuwa akiwaongoza Wamarekani wawili kwa kayaki. Walikuwa wamekwisha kupita maporomoko ambayo wengi wasingethubutu kuyatazama. Mamba alikuja kutoka nyuma kwenye maji matulivu, akamng'oa ndani ya kayaki yake mbele ya macho ya wenzake. Mwili haukupatikana. Walikuwa wamejiandaa kwa kila kitu, na kati ya mwenzao na wao hapakuwa hata mita 10 za maji.

Hapo ndipo tofauti ya papa na mamba inapokuwa wazi. Papa wengi huuma mara moja na kuondoka, wakimwachia mtu jeraha la damu na dakika chache za kuokolewa. Mamba anakusudia kula. Hushika, hujizungusha, huzamisha. Kwa papa, tiba huanza baada ya kuumwa: kandamiza damu, kimbia hospitali. Kwa mamba, tiba yenye uhakika ni ile inayoanza kabla mtu hajalowa.

Waulize walioumwa walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakichota maji, wakifua, wakiogesha watoto, wakiinua mgono. Mtalii wa Praslin aliingia majini kwa sababu alitaka, naye alistahili kulindwa. Mama wa Malagarasi huingia kwa sababu ndoo ni tupu. Sheria humtambua baada ya tukio. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha Sh 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na kiasi kidogo zaidi kwa aliyejeruhiwa. Upande wa Ziwa Victoria, wilayani Sengerema, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, imejenga kizimba ndani ya maji, ili watu wachote wakiwa ndani ya uzio na mamba abaki nje. Na mbali zaidi na mamba kuna bomba. Maji ya Ziwa Victoria yameshafikishwa Tabora mjini, na Sikonge, Urambo na Kaliua zimo katika mradi wa Miji 28 unaokusudia kuyavuta zaidi. Bomba hilo linakwenda upande ule ule uliokuwa ukiendwa na wapagazi. Nyavu za Anse Lazio zilikuja baada ya vifo viwili. Hesabu ya vifo inayohitajika ili kijiji cha mtoni kipate kisima, sikumpata mtu wa kunitajia.

Ujiji humpokea mtu wa pwani kama aliyerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Kuna kofia, kuna kanzu, kuna Kiswahili kinachozunguka kona kwa adabu, na kuna mchikichi mahali pa mnazi. Mgebuka wa kukaanga huletwa na ugali wa muhogo na mchuzi wenye mawese, mwekundu, mzito, usio na haraka ya kuondoka mdomoni. Samaki huyu ana ladha safi, isiyo na chumvi ya bahari, na mwenyeji wangu aliona fahari kuwa hakuna haja ya ndimu. Pwani, kusema hivyo mbele ya samaki ni kuomba ugomvi.

Kigoma, jirani yake, ndiko mtu anayependa miwani na bomba hupata raha yake. Maji ya ziwa hili, lenye kina cha karibu mita 1,470, huwa maangavu kwenye miamba, na samaki wadogo wa rangi, wa mamia ya aina ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, huzunguka mawe yao. Wapiga mbizi huwakamata kwa nyavu ndogo ili wauzwe ng'ambo kama mapambo ya vioo. Mmoja wao alinieleza sheria zake tatu: haingii karibu na mdomo wa mto, haingii machweo, na haingii peke yake. Anaogopa mamba zaidi ya kobra wa majini, nyoka mla samaki ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la Émile Storms, luteni wa Kibelgiji aliyepita Tabora kwenda Karema mwaka 1882. Nyoka huyo, alisema, ana sumu kali na aibu nyingi.

Kaskazini ya ziwa, Burundi, bado wanamsimulia Gustave, mamba mwenye makovu ya risasi aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye. Faye alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Gustave hakuingia. Wanasema aliua watu 300. Idadi hiyo haijathibitishwa na mtu, na imekua kwa kila msimulizi, hadi inafunika vifo vya kweli vilivyotokea kimyakimya kando ya Mto Ruzizi.

Kule Muizenberg, Cape Town, tangu mwaka 2004 kumekuwa na watu wanaolipwa kukaa mlimani na darubini, wakitazama bahari. Wakiona kivuli cha papa, king'ora hulia, bendera hupandishwa, waogeleaji hutoka. Nilidhani ni mpango wa watu wenye fedha, hadi siku niliposhuka ufukweni upande wa kaskazini wa Kigoma na kuwakuta akina mama wakifua juu ya mawe, povu likielea, watoto wakirushiana maji mahali pasipozidi magoti. Mmoja wao, binti wa miaka kama 15, alikaa juu ya jiwe kubwa kuliko mengine, mikono mitupu, macho ziwani.

"Huyu amekasirika?" nilimuuliza mama wa karibu.

"Hajakasirika. Yuko zamu. Tukija kufua, mmoja hafui."

Bomba lipo mtaani kwao, alieleza, ila maji hutoka kwa saa zake, na nguo za familia hazingoji saa. Kwa hiyo huja wengi, hawaji mmoja mmoja, na anayekaa zamu nguo zake hufuliwa na wenzake. Mwaka fulani mtoto wa jirani yao alivutwa mguu mahali pengine, si hapo. Akaokolewa kwa sababu kulikuwa na wavuvi wawili wakishona nyavu hatua chache kutoka pale. Nilitaka kumuuliza nani aliubuni utaratibu huo, na tangu lini. Alikuwa ameshainama kwenye beseni lake.

"Kaka," alisema bila kuinua kichwa, "sogea kidogo kushoto. Unamzibia."